Siku Moja Mjini Lisbon: Kuifuata Dhahabu ya Kilwa

Kila mwaka mamia ya meli za matembezi huingia katika bandari ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Nyingi katika hizo hufika asubuhi mapema na kung'oa nanga jioni ya siku ile ile, hata abiria wake wasipate zaidi ya saa nane au tisa za kuutazama mji wenye umri wa miaka zaidi ya elfu mbili. Basi wengi wao hukimbia huku na huko, hupiga picha za kila jengo, hununua vitu vya ukumbusho, na jioni wakiulizwa wameona nini, hawawezi kupambanua kanisa moja na jingine.

Mtu atokaye Afrika ya Mashariki anayo njia iliyo bora. Katika Lisbon kuna kitu kimoja kilichofanywa kwa mali iliyotoka pwani yetu zaidi ya miaka 500 iliyopita, nacho kimetunzwa mpaka leo, na habari zake zimeandikwa juu ya kitu chenyewe. Mali hiyo ni dhahabu ya Kilwa. Msafiri akiifanya dhahabu hiyo kuwa kiongozi wake, atapita katika sehemu zote kubwa za mji, na kila atakachokiona njiani kitakuwa na maana kwake.

KUINGIA KWA NJIA YA MTO

Lisbon haikujengwa ufukoni mwa bahari, bali kando ya mto Tejo, karibu na mahali mto huo unapoingia katika bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo meli hupanda mtoni kwanza, na abiria aliyeamka mapema huuona mji ukifunguka mbele yake kidogo kidogo. Yampasa asimame upande wa kushoto wa meli, maana huko ndiko yaliko mambo ya kutazamwa.

Kwanza huonekana Mnara wa Belém, ngome ndogo ya mawe meupe iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 16 ili kuilinda bandari. Mbele kidogo pana mnara wa ukumbusho wa mabaharia, uliofanywa kwa mfano wa omo ya merikebu, na juu yake zimesimama sanamu za manahodha, mapadre na watu wengine mashuhuri wa zamani. Mnara huo wa mawe ulimalizika mwaka 1960, miaka 500 tangu kufa kwa Henrique, mwana wa mfalme aliyewahimiza Wareno kuzipeleleza pwani za Afrika. Nyuma yake ni nyumba kubwa ya watawa iitwayo Jerónimos, ambayo tutairudia baadaye.

Hapo Belém ndipo alipoondokea Vasco da Gama tarehe 8 Julai 1497, akiwa na merikebu 4. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata alifika Mombasa, ambako hakupatana na wenyeji, kisha akaenda Malindi, ambako alipokewa kwa wema na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Bila ya rubani yule, safari ingalikuwa na shida kubwa zaidi, na huenda isingalifika mwisho wake.

Baada ya Belém meli hupita chini ya daraja refu la chuma lililofunguliwa mwaka 1966. Hapo kwanza daraja hilo liliitwa kwa jina la Salazar, aliyeitawala Ureno kwa mkono mzito kwa miaka mingi. Tarehe 25 Aprili 1974 askari waliipindua serikali iliyokuwa imeendeleza utawala wake, na daraja likapewa jina la siku hiyo. Mapinduzi hayo yalikomesha vita vya Wareno katika Afrika, na mwaka uliofuata Msumbiji na Angola zikapata uhuru. Hivyo hata kabla ya kushuka gatini, msafiri amekwisha kuona mwanzo na mwisho wa habari moja ndefu.

MTAA WA ALFAMA

Gati la meli za abiria, ambalo jengo lake lilifunguliwa mwaka 2017, liko chini kabisa ya mtaa wa Alfama, ulio mkongwe kuliko mitaa yote ya Lisbon. Hapana haja ya kupanda gari. Mtu hutoka getini, akavuka barabara, na mara hujikuta katika vichochoro vyembamba, ngazi za mawe, na nguo zilizoanikwa madirishani. Aliyekulia katika Mji wa Kale wa Mombasa hataona ugeni hapo.

Jina lenyewe Alfama ni la Kiarabu, na maana yake ni chemchemi za maji moto. Waislamu waliutawala mji huu kwa muda wa miaka zaidi ya 400, mpaka mwaka 1147, ulipotekwa na mfalme Afonso Henriques akisaidiwa na askari wa vita vya msalaba waliokuwa wakipita njiani. Juu ya kilima pana ngome ya São Jorge, ambayo ilikuwa yao kabla haijawa ya wafalme wa Ureno. Katikati ya kilima pana kanisa kuu la mji, lililoanzwa kujengwa baada ya mji kutekwa, na wachimbuaji wa mambo ya kale wameona uani mwake mabaki ya majengo ya zamani za Waislamu.

Katika vichochoro hivyo msemaji wa Kiswahili na atege masikio. Mreno akitaka sukari hulitaja kwa neno lililotoka katika Kiarabu, kama letu lilivyotoka. Tena yako maneno mengine tuliyoyapata kwa Wareno wenyewe walipokaa pwani yetu. Meza kwao ni mesa, bendera ni bandeira, leso ni lenço, kasha ni caixa, na mvinyo ni vinho. Ajabu kubwa ni neno igreja, ambalo kwao ni kanisa. Sisi tumelifanya gereza. Neno hilo liliambatana na ngome zao, ambazo baadaye zilitumika kuwafungia watu, na Ngome ya Yesu ya Mombasa yenyewe ilikuwa jela ya serikali mpaka mwaka 1958.

UWANJA WA IKULU ISIYOKUWAPO

Kutoka Alfama njia huteremka hadi kwenye uwanja mpana ulio wazi kuelekea mtoni. Jina lake la serikali ni Uwanja wa Biashara, lakini watu wa Lisbon bado huuita Uwanja wa Ikulu, ingawa ikulu haiko. Hapo mfalme Manuel wa Kwanza, aliyetawala tangu 1495 hadi 1521, alijenga nyumba yake karibu na maji, apate kuziona merikebu zake zikirudi. Ndani ya nyumba hiyo hiyo ilikuwamo afisi iliyoitwa Nyumba ya India. Pilipili, mdalasini, pembe za ndovu, dhahabu, kila kitu kilichotoka Bahari ya Hindi kilipitia hapo na kuandikwa katika vitabu.

Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, yapata saa tatu na nusu asubuhi, nchi ilitetemeka. Makanisa yalikuwa yamejaa watu na mishumaa ilikuwa ikiwaka. Majengo yaliwaangukia watu, kisha bahari ikapanda mtoni kwa mawimbi makubwa, na moto ukaunguza mji kwa siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu ya watu walikufa. Ikulu ikaisha, na pamoja nayo vitabu vingi vya Nyumba ya India, ambavyo ndani yake zilikuwamo hesabu za mali iliyotoka kwetu. Hati za dola zilizokuwa zikiwekwa katika mnara mmoja wa ngome ya São Jorge ziliokolewa, ijapokuwa mnara ule ulianguka.

Waziri aliyeujenga mji upya, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, alinyosha njia na kuamuru nyumba zitiwe kiunzi cha miti ndani ya kuta ili zistahimili tetemeko jingine. Ndiyo maana mitaa iliyo nyuma ya uwanja huo imenyoka kama mistari ya daftari, ilhali Alfama imejipinda kama mizizi.

KISIMA CHA WATU WEUSI

Vitabu vingi vya watalii husifu uzuri wa Lisbon na kupita haraka katika jambo linalofuata. Mwaka 1551 ilifanywa hesabu ya watu wa mji, wakaonekana kama 100,000, na katika hao karibu 10,000 walikuwa watumwa. Maana yake ni kwamba katika kila watu kumi aliokutana nao mgeni njiani, mmoja alikuwa mtumwa. Wengi wao walikuwa Waafrika, hasa kutoka pwani ya magharibi. Walichota maji, walifua nguo, walipakua merikebu, na walisafisha mji.

Upande wa magharibi wa mji uko mtaa uitwao Poço dos Negros, yaani Kisima cha Watu Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel aliamuru lichimbwe shimo refu la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu zilikuwa zikiachwa ovyo na kuhofiwa kuleta maradhi. Leo mtaa huo una mikahawa na maduka mazuri, na magari madogo ya umeme ya rangi ya manjano hupita karibu yake. Kumbukumbu kubwa iliyobaki ni jina lenyewe juu ya kibao cha mtaa.

Yapasa pia kueleza kwamba Pombal yule yule alipiga marufuku mwaka 1761 kuingizwa kwa watumwa wapya katika nchi ya Ureno. Lakini marufuku hiyo haikuhusu makoloni, na merikebu za Wareno ziliendelea kuwachukua Waafrika kwenda Brazil kwa miaka mingi baadaye.

DHAHABU YENYEWE

Mbele ya mtaa huo, katika njia iitwayo Janelas Verdes, yaani Madirisha ya Kijani, liko Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa za Kale, lililofunguliwa mwaka 1884. Ndani yake kimewekwa kitu tulichokifuata tangu asubuhi. Ni monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki huiweka Ekaristi ndani yake ili waumini waiabudu. Huitwa Monstransi ya Belém.

Si kitu kikubwa, kwa maana kimo chake hakifiki mita moja. Lakini mtu akikikaribia huona kazi ya mikono iliyo adimu mno. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kulizunguka bomba la kioo, kila mmoja ana uso wake na mavazi yake yaliyotiwa rangi. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe, na juu zaidi yuko Mwenyezi Mungu. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya Gil Vicente, sonara wa mfalme. Chini kwenye tako yamezungushwa maandishi ya Kireno yasemayo kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506.

Neno hilo ushuru lataka maelezo. Kilwa ilikuwa mji mkubwa wa biashara. Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri sana. Ulikuwa na msikiti mkubwa wa mawe, ulipiga sarafu zake wenyewe, na kwa muda mrefu uliishika biashara ya dhahabu iliyotoka bara na kupitia bandari ya Sofala, katika nchi ambazo leo ni Zimbabwe na Msumbiji. Mwezi wa Julai 1502 Vasco da Gama alirudi katika bahari yetu, safari hii akiwa na merikebu nyingi na mizinga. Alimtishia mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, kwamba asipotoa mali na kukubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno, mji utateketezwa. Amir hakuwa na mizinga. Akatoa mithkali 1,500 za dhahabu, zipatazo kilo sita hivi kwa kipimo cha siku hizi.

Kulipa huko hakukuwaokoa watu wa Kilwa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi jingine la merikebu, akauteka mji na kuupora, akajenga ngome, kisha akaenda Mombasa akaichoma moto. Kwa hiyo sonara wa Lisbon alipokuwa akichonga nyuso za mitume kwa dhahabu ile, mji iliyotoka ulikuwa umekwisha kuporwa.

Mtu wa kwetu anayesimama mbele ya kioo hicho huweza kuwa na mawazo mawili kwa pamoja, na yote mawili ni ya haki. La kwanza ni kuustaajabia ufundi, maana fundi hodari ni hodari popote alipo. La pili ni kukumbuka kwamba mali ile haikununuliwa wala haikutolewa kwa hiari. Siku hizi watu wengi hujadiliana kama vitu vilivyochukuliwa Afrika virudishwe. Mwaka 2021 Ufaransa iliirudishia Benin vitu 26 vya ikulu ya wafalme wa Abomey. Mwezi wa Aprili 2024 rais wa Ureno, Marcelo Rebelo de Sousa, alisema kwamba nchi yake inawajibika kwa maovu ya utumwa na ukoloni na yapasa ilipie gharama zake, lakini serikali ikajibu kwamba haina mpango wa kulipa fidia.

Habari ya Kilwa ni ngumu zaidi kuliko ile ya Benin. Dhahabu hii ilipotoka haikuwa na umbo hili. Iliyeyushwa, na kazi iliyopo ni ya fundi wa Lisbon kwa ajili ya ibada ya Wakristo. Kuigawanya mali na kazi haiwezekani tena. Lakini liko jambo lisilohitaji kuyeyushwa wala kugawanywa, nalo ni ukweli wa habari. Jina la Kilwa limeandikwa pale kwa herufi za mfalme mwenyewe. Wapitao hapo wanaojua Kilwa iko wapi ni wachache, na walio wachache zaidi ni wale wajuao dhahabu ile ilitolewa kwa tishio gani.

KABURI LA BELÉM

Kutoka jumba la makumbusho, gari la umeme liendalo Belém hufuata njia ya kando ya mto. Huko ndiko iliko ile nyumba ya watawa ya Jerónimos, ambako mfalme Manuel aliamuru kwa wasia kwamba monstransi ile iwekwe. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 ukaendelea kwa kadiri ya miaka 100. Gharama zake zililipwa kwa ushuru wa sehemu moja katika kila ishirini za biashara iliyotoka Afrika na Mashariki. Nguzo zake zimechongwa mfano wa kamba za merikebu, majani na wanyama, na kuta zake hazikuanguka katika tetemeko la mwaka 1755.

Ndani ya kanisa, karibu na mlango, yako makaburi mawili ya marumaru yanayotazamana. Moja ni la Vasco da Gama. La pili ni la Luís de Camões, mshairi aliyeieleza safari ya Gama katika utenzi mkubwa uliochapwa mwaka 1572, ambao ndani yake Malindi inasifiwa kuwa rafiki na Mombasa inalaumiwa kuwa adui. Watalii hupanga foleni ndefu kuyatazama. Aliyetoka kuiona dhahabu ya Kilwa huyatazama kwa kuelewa, maana anajua mawe yale yamelipiwa na nani.

MAONYO MACHACHE KWA MSAFIRI

Makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa siku ya Jumatatu, na mara nyingine kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kushuka melini. Njia za mji zimetandikwa mawe madogo yanayoteleza, hivyo viatu viwe vya kutembelea na si vya kujionyesha. Katika magari ya umeme yaliyojaa watu, mtu na aushike mfuko wake. Kisha arejee gatini mapema, kwa kuwa meli haimngoji mtu mmoja.

Meli inapotoka jioni hupita tena mbele ya mnara wa mabaharia. Vasco da Gama amechongwa hapo pamoja na wenziwe. Rubani wa Malindi hana sanamu, wala Amir Ibrahim, wala wachimba dhahabu wa bara, wala waliotupwa katika shimo la Poço dos Negros. Hatuwezi kuwalaumu Wareno peke yao kwa hilo. Kilwa Kisiwani ipo Tanzania, na magofu yake yalitiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981. Nguzo ya msalaba ya Vasco da Gama imesimama Malindi. Ngome ya Yesu iko wazi kwa kila mtu mjini Mombasa. Je, ni wangapi kati yetu wamekwenda kuviona na kuwaeleza watoto wao?

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu akibahatika kuzuru Lisbon kwa siku moja, na aende, atafaidika. Akirudi nyumbani, safari yake ya pili na iwe ya Kilwa.